Wanaokaa vikaoni bila malipo ili watoto wale karoti za jirani

Barabara kuu namba 91 nchini Marekani inaanzia New Haven, karibu na bahari, na kupanda kaskazini hadi inapofikia mpaka wa Kanada katika kijiji cha Derby Line. Kijiji hicho kina maktaba ambayo mstari wa mpaka wa nchi mbili unapita juu ya sakafu yake. Kilomita chache kabla ya hapo, kando ya ziwa refu linaloitwa Memphremagog, upo mji mdogo wa Newport. Hapa ni jimbo la Vermont, katika pembe ambayo wenyeji huiita Northeast Kingdom, yaani Ufalme wa Kaskazini Mashariki. Jina hilo lilipata umaarufu kupitia seneta George Aiken, aliyelitumia mwaka 1949, na halina uhusiano na mfalme yeyote. Ni kaunti tatu tu: Orleans, Essex na Caledonia, zenye jumla ya watu wapatao 65,000.

Ni sehemu ya milima, misitu na mashamba. Theluji huweza kuanza Novemba na kubaki hadi Aprili. Ziwa huganda kiasi cha watu kutembea juu yake na kutoboa barafu ili kuvua samaki. Msimu wa kulima ni mfupi mno: baridi inayounguza majani huweza kupiga hadi mwishoni mwa Mei, na kurudi tena Septemba. Hata hivyo ardhi ina rutuba. Viazi, karoti, kabichi, maboga, bitiruti na sukuma wiki hustawi, matufaha pia, na ng'ombe wa maziwa wamekuwa uti wa mgongo wa vijiji kwa zaidi ya karne.

Pamoja na utajiri huo, kwa miaka mingi mtoto wa shule katika kaunti hizi aliweza kukaa darasani akiliona shamba la karoti dirishani, kisha saa ya chakula akapewa karoti zilizosafiri kwa lori kutoka California, upande wa pili wa nchi. Aliyelima shamba lile la dirishani huenda alikuwa akitafuta soko. Baba wa mtoto huyo huenda ndiye aliyelima.

Kuziba pengo hilo kumekuwa kazi ya mashirika madogo yasiyo ya faida, na nyuma ya kila shirika kuna kundi la majirani wanaokutana jioni, baada ya kazi zao, bila kulipwa hata senti.

Shamba lipo, shule ipo, njia hakuna

Mtu wa mjini anaweza kudhani kazi ni rahisi: mkulima ana karoti, shule ina watoto, basi wapatanishwe. Ukikaa na hesabu utaona ugumu ulipo.

Chukua mfano wa shule ya watoto 80, ukubwa wa kawaida kabisa katika vijiji hivyo. Ikipika karoti mara mbili kwa wiki, itahitaji kilo 10 hivi. Mkulima anayeishi umbali wa kilomita 40 akiwasha gari kupeleka kilo 10, petroli na muda vitakula faida yote. Mpishi wa shule naye hana nafasi ya kupigia simu wakulima kumi tofauti, mmoja wa viazi, mwingine wa kabichi, kila mmoja na ankara yake. Ni rahisi zaidi kufungua orodha ya kampuni kubwa ya usambazaji, akaagiza kila kitu mara moja, na kesho yake lori likashusha mzigo mlangoni. Karoti za kampuni hufika zimeoshwa na kukatwa. Za mkulima hufika na udongo.

Kisha kuna suala la kalenda. Shule za Vermont hufunguliwa mwishoni mwa Agosti na kufungwa katikati ya Juni. Shamba nalo hutoa mboga nyingi kuanzia Julai hadi Oktoba. Kwa maneno mengine, wakati nyanya na matango yamejaa, madawati ni matupu. Watoto wakikaa darasani miezi ya Januari na Februari, mashamba yamefunikwa na theluji.

Ndiyo maana mazao yaliyobeba mpango huu ni yale yanayovumilia kukaa. Viazi, karoti, bitiruti na kabichi huwekwa katika vyumba vya baridi na kuliwa hadi majira ya baridi yanapoisha. Maboga huhifadhiwa mahali pakavu. Baadhi ya wakulima wamejenga vitalu nyumba vya plastiki ili mboga za majani zitangulie au kuchelewa kwa wiki kadhaa. Mwezi Machi na Aprili huja utomvu wa mti wa mepo, unaokingwa shinani na kuchemshwa hadi uwe sharubati nzito ya kahawia. Lita 40 hivi za utomvu hutoa lita moja tu ya sharubati, na Vermont ndilo jimbo linaloongoza Marekani kwa bidhaa hiyo.

Shirika la Newport

Miongoni mwa mashirika yaliyojitosa katika kazi hii ni Green Mountain Farm-to-School, lenye makao yake Newport. Lilianzishwa na Katherine Sims, ambaye baadaye, mwaka 2020, alichaguliwa kuwa mbunge katika bunge la jimbo la Vermont.

Kazi ya shirika iligusa pande zote za tatizo. Lilisaidia shule kuanzisha bustani ambazo watoto hupanda, hupalilia na kuvuna wenyewe. Lilipeleka madarasa mashambani, mtoto akaona kiazi kikichimbwa na ng'ombe akikamuliwa. Lilianzisha huduma ya usambazaji iliyokusanya mazao ya wakulima wengi na kuyafikisha shuleni kwa safari moja, ili mpishi apokee mzigo mmoja na ankara moja. Katika likizo ndefu ya majira ya joto, shule zikiwa zimefungwa na watoto wengine hawana uhakika wa mlo wa mchana, gari lenye jiko ndani liliwafuata vijijini na kuwapa chakula bure.

Zipo juhudi nyingine jimboni. Vermont FEED, ushirikiano wa shamba la elimu la Shelburne Farms na chama cha wakulima wa kilimo hai, imefanya kazi na walimu na wapishi tangu miaka ya 2000. Kusini, mjini Brattleboro, kuna shirika la Food Connects. Wanaoendesha shughuli za kila siku ni wafanyakazi wachache wanaolipwa. Wanaoshika usukani ni watu wa kujitolea.

Kura ya kijiko kimoja

Kwa mzazi, sehemu inayovutia kuliko zote ni ile inayofanyika ndani ya bwalo la chakula. Kila mwezi huchaguliwa zao moja. Mpishi au mtu wa kujitolea hupika kidogo kwa namna mpya na kugawa katika vikombe vidogo: supu ya boga, saladi ya bitiruti, au sukuma wiki iliyopakwa mafuta na chumvi ikaokwa hadi ikawa kavu kama krispi. Mtoto huonja, kisha hupiga kura. Machaguo ni matatu: nimejaribu, nimependa, nimependa sana.

Hakuna chaguo la "kichefuchefu". Aliyeonja na kukunja uso bado ana kura ya heshima: amejaribu. Matokeo hubandikwa ukutani. Chakula kilichoshinda huingia kwenye ratiba ya mwezi, na kilichoshindwa hurudi jikoni kurekebishwa.

Utaratibu huu una msingi wa kiafya. Tafiti za ulaji wa watoto zimeonyesha kwamba mtoto mdogo anaweza kuhitaji kukutana na chakula kipya mara 8 hadi 15 kabla ya kukikubali. Wazazi wengi hukata tamaa mara ya tatu, na wana sababu. Mama mwenye bajeti finyu hawezi kununua mboga mara kumi akiitupa mara tisa. Atanunua kile anachojua kitaliwa. Hapo ndipo watoto wa familia zenye kipato kidogo wanapopoteza nafasi ya kuzoea mboga, ingawa mama zao wanajua umuhimu wake.

Shule inaweza kubeba hasara ambayo jiko la nyumbani haliwezi. Kijiko kimoja kwa watoto 80 si gharama kubwa. Mtoto anapomwona rafiki yake akitafuna bitiruti bila kufa, naye hujaribu. Akirudi nyumbani na kuomba ile supu ya boga, mama ananunua boga akijua halitaishia kwenye ndoo ya taka.

Bustani husaidia kwa njia hiyo hiyo. Mtoto aliyeng'oa karoti kwa mkono wake mara nyingi huwa tayari kuionja kuliko aliyewekewa sahanini bila maelezo.

Safu ya malipo: sifuri

Sheria ya Marekani inataka shirika lisilo la faida lisimamiwe na bodi, na faida yoyote isigawanywe kwa watu binafsi. Mashirika yenye mapato ya kiasi fulani hujaza kila mwaka fomu namba 990 ya mamlaka ya kodi, na fomu hiyo iko wazi kwa mwananchi yeyote kuisoma. Ndani yake kuna jedwali la wajumbe wa bodi: jina, cheo, saa anazotoa kwa wiki, na malipo. Katika mashirika madogo ya vijijini, safu ya malipo ya wajumbe kwa kawaida husomeka sifuri, sifuri, sifuri, kutoka juu hadi chini.

Watu hawa ni nani? Bodi za aina hii hujazwa na watu wa kawaida wa eneo: mkulima, mwalimu mstaafu, muuguzi, mhasibu, mzazi mwenye watoto shuleni, mtu wa benki ya mjini. Huchagua mwenyekiti, mhazini na katibu, hukutana mara moja kwa mwezi au zaidi, na muhula ukiisha hupisha wengine au huombwa kuendelea.

Kazi yao haina picha nzuri za kuweka mtandaoni. Wao hawapandi karoti wala hawaonjeshi watoto supu. Wanasoma taarifa ya fedha ukurasa kwa ukurasa. Wanamwajiri mkurugenzi, wanampima, na ikibidi wanamwondoa. Wanapitisha bajeti. Wanauliza kama gari la kubebea chakula lina bima, kama wanaoingia shuleni kukaa na watoto wamechunguzwa, kama chumba cha baridi kina kipimajoto kinachofanya kazi. Wanaandika barua za shukrani kwa aliyechangia dola 25 sawa na kwa aliyechangia 25,000.

Wana pia kazi ya kujizuia. Mjumbe ambaye ni mkulima na anauza viazi kwa shule zilezile hutakiwa kusema wazi, na jambo linalomgusa likifika mezani hutoka chumbani wenzake wapige kura. Katika kijiji ambacho kila mtu ni shemeji au jirani wa mwingine, kanuni hiyo si rahisi kuifuata. Lakini bila hiyo mkulima wa pili ataona soko la shule ni la marafiki tu, na imani ikishavunjika hairudi kwa ankara.

Jambo moja huwachanganya wageni wa bodi: fedha za ruzuku mara nyingi hulipwa baada ya kutumika. Shirika hulipa mishahara na petroli kwanza, kisha hudai. Malipo yakichelewa miezi miwili, mhazini ndiye anayekaa na kalamu akitafuta mshahara wa dereva utatoka wapi. Shirika linaweza kuwa na mkataba mzuri mkononi na bado likakosa fedha za wiki hii.

Senti 15 zenye uzito

Mpango wa taifa wa chakula cha mchana shuleni Marekani ulianzishwa kwa sheria iliyosainiwa na Rais Harry Truman mwaka 1946. Leo serikali kuu huilipa shule dola 4 na senti kadhaa kwa kila mlo wa mchana unaotolewa bure. Ndani ya fedha hizo kuna mshahara wa wapishi, umeme, vifaa, maziwa na chakula chenyewe. Kinachobaki kwa mboga ni kidogo, na karoti ya mkulima mdogo mara nyingi ni ghali kuliko ya shamba kubwa la mbali.

Vermont ilianza kulishughulikia mapema. Mwaka 2006 bunge la jimbo lilipitisha sheria ya ruzuku za kuunganisha mashamba na shule, iliyopewa jina la Rozo McLaughlin, aliyekuwa mbunge wa jimbo hilo. Mwaka 2021 ikaja motisha ya moja kwa moja: shule inayotumia angalau asilimia 15 ya fedha zake za chakula kununua bidhaa za jirani hupata senti 15 za nyongeza kwa kila mlo wa mchana. Ikifika asilimia 20 hupata senti 20, na asilimia 25 hupata senti 25. Mwaka 2023 jimbo likaamua kwamba kila mtoto wa shule ya umma ale kifungua kinywa na chakula cha mchana bila kulipa, tajiri na maskini sawa.

Senti 15 zinaonekana ndogo. Shule inayopika milo 10,000 kwa mwaka inapata dola 1,500. Kwa mpishi aliyekuwa akipanga kila senti, hizo ni karoti za majira yote ya baridi.

Lakini fedha hizo haziji kwa kutamaniwa. Lazima kila ankara itunzwe, ijulikane karoti imetoka shamba gani, na asilimia ihesabiwe. Mpishi anayeanza kazi alfajiri hana muda huo. Hapo ndipo mashirika haya huingia kumsaidia kupanga kumbukumbu, kama yanavyomsaidia kusoma kanuni. Hadi Julai 2024, kwa mfano, kanuni za serikali kuu ziliruhusu shule kuupa mzao wa jirani upendeleo tu wakati wa kununua. Haikuruhusiwa kuandika moja kwa moja kwamba bidhaa lazima itoke eneo hilo. Sasa inaruhusiwa. Mpishi asiyeambiwa ataendelea kununua kama zamani.

Miaka ya kupimwa

Usiku wa kuamkia Mei 18, 2023, baridi kali ilishuka Vermont na kuunguza maua ya mitufaha yaliyokuwa yamechanua. Bustani nyingi zilipoteza sehemu kubwa ya mavuno. Miezi miwili baadaye, Julai 10 na 11, mvua kubwa ilileta mafuriko yaliyozamisha miji ikiwemo Montpelier, makao makuu ya jimbo, na huku kaskazini Hardwick na Barton. Mwaka uliofuata, tarehe zilezile za Julai, mafuriko yakarudi na kupiga vijiji vya kaunti ya Caledonia.

Mboga iliyoguswa na maji ya mafuriko haiuzwi, kwa kuwa maji hayo hubeba kinyesi, mafuta na kemikali. Mkulima anaweza kuwa na ekari nzima ya kabichi zinazoonekana nzima, na zote ni za kufukiwa. Shule iliyotegemea kabichi hizo Septemba lazima itafute kwingine.

Kisha ukaja mshtuko wa aina nyingine. Machi 2025, Wizara ya Kilimo ya Marekani ilifuta mpango uliokuwa uzipe shule na vituo vya malezi nchini kote takribani dola milioni 660 za kununua chakula cha wakulima wa jirani. Mwezi Machi wakulima wa kaskazini wanaagiza mbegu na kupanga mashamba. Waliokuwa wamepiga hesabu ya soko la shule ikabidi wapige upya. Mwaka huohuo Vermont ilipitisha sheria ya kupanga upya wilaya zake za shule, jambo linalowatia wasiwasi wazazi wa shule ndogo za vijijini kuhusu mustakabali wa shule hizo.

Katika nyakati kama hizo, bodi ya watu wasiolipwa huletewa maswali yasiyo na jibu zuri. Je, wapunguze mfanyakazi mmoja au wapunguze shule tatu? Watumie akiba sasa, au waisubirie dharura kubwa zaidi? Wamwambie mkulima ukweli mapema, ingawa utamuumiza, au wangoje huenda fedha zikarudi? Wakikosea, hakuna bosi wa kulaumiwa. Kesho yake watakutana na mkulima huyohuyo dukani na mpishi huyohuyo kanisani.

Nyuma ya maswali hayo kuna hatima ya mashamba yenyewe. Katikati ya karne ya 20 Vermont ilikuwa na mashamba ya ng'ombe wa maziwa zaidi ya 10,000. Leo hayafiki 600. Kila shamba linapofungwa, familia inaweza kuhama, dawati likabaki tupu, na shule ikasogea karibu na kufungwa. Shule ikifungwa, shamba lililobaki linapoteza mteja. Watu wa Northeast Kingdom wanaujua mzunguko huo kwa macho.

Jumanne ya kwanza ya Machi

Vermont ina desturi inayosaidia kueleza kwa nini watu wake hukubali viti visivyo na mshahara. Jumanne ya kwanza ya Machi kila mwaka ni siku ya mkutano wa mji. Katika miji mingi midogo wakazi bado hukusanyika ukumbini au shuleni, husimama mmoja mmoja na kujadili bajeti ya barabara, zimamoto na maktaba. Mchana hula pamoja vyakula vilivyoletwa na majirani. Bajeti za shule nazo hupigiwa kura na wananchi wenyewe.

Kura hiyo si mapambo. Machi 2024, kodi za majengo zikiwa zimepanda, wananchi walikataa karibu theluthi moja ya bajeti za shule jimboni. Wilaya zilirudi mezani kukata matumizi, na jikoni ni mahali panapokumbukwa haraka kisu kikishikwa.

Kwa hiyo mjumbe wa bodi ya shirika la mashamba na shule hawezi kukaa na wanaokubaliana naye tu. Anapaswa kumweleza mzee asiye na mtoto shuleni, anayeishi kwa pensheni na kodi imemlemea, kwa nini karoti ya jirani istahili senti zake. Ana hoja za kumpa: fedha hiyo inabaki kijijini, inamlipa kijana anayelima shamba la pili kutoka kwake, na mtoto anayeshiba anasoma. Mzee anaweza kuikubali au kuikataa. Hoja hiyo hujengwa uso kwa uso.

Sauti za Kiswahili Vermont

Magharibi mwa jimbo, katika miji ya Burlington na Winooski, wanaishi familia zilizofika kama wakimbizi, zikiwemo za Kikongo na za Wasomali Wabantu, na Kiswahili ni miongoni mwa lugha zinazozungumzwa na wazazi huko. Baadhi yao wanalima kupitia mradi wa New Farms for New Americans wa Burlington, ambao huwapa wahamiaji na wakimbizi vipande vya ardhi na mafunzo ya kulima katika nchi yenye msimu mfupi. Wengi walikuwa wakulima kabla ya kukimbia vita, na sasa wanapanda mboga za nyumbani wakipambana na baridi ya Mei.

Kwao mahusiano ya shamba na shule yana maana nyingine ya ziada. Mtoto anayeona mboga ya mama yake ikitajwa darasani kama chakula cha heshima haoni haya kuila. Na mzazi aliyezoea kushika jembe ana ujuzi ambao bodi nyingi zinauhitaji: anajua mazao, anajua ukosefu, anajua watoto. Kinachomzuia mara nyingi ni vitu vya kawaida, kama lugha ya kikao, saa ya kikao inayogongana na zamu ya usiku, na mtu wa kukaa na watoto. Bodi inayotaka wazazi wa aina hiyo hulazimika kubadili saa, kutafuta mkalimani na kuweka kona ya watoto kuchezea.

Nani atapokea kalamu

Vermont ni miongoni mwa majimbo yenye wakazi wazee zaidi Marekani. Umri wa katikati ni karibu miaka 43. Hilo huonekana vikaoni, ambako wastaafu wana muda na wazazi vijana hawana. Mhazini aliyeshika vitabu kwa miaka mingi huondoka na kumbukumbu zote: nani wa kumpigia kwenye idara ya elimu ya jimbo, mkulima gani hutimiza ahadi, shule gani ilibadilisha mpishi.

Kwa sababu hiyo bodi makini hutafuta wazazi mapema na kuwaanzisha polepole. Kwanza mzazi huombwa asimame kwenye meza ya kuonja mara moja. Kisha asaidie siku ya kuvuna bustani. Kisha akae kwenye kamati ndogo ya kukagua gharama za gari kwa miezi mitatu. Baada ya hapo, akiwa ameshajua kazi na watu, ndipo huulizwa kama yuko tayari kwa kiti cha bodi cha miaka miwili au mitatu. Hupewa mjumbe wa zamani wa kukaa naye pembeni na kumfundisha kusoma taarifa ya fedha, maana mzazi mwenye akili timamu anaweza kuogopa jedwali la tarakimu akanyamaza mwaka mzima.

Mzazi anayeanza namna hiyo hugundua kwamba swali la mtoto wake atakula nini shuleni hujibiwa miezi mingi kabla ya sahani kuwekwa mezani. Hujibiwa Februari, theluji ikiwa imefika madirishani, watu saba au wanane wamezunguka meza, chai imepoa, wakibishana kama wamuahidi mkulima kununua kilo 500 za karoti za Oktoba. Wakisema ndiyo, anaagiza mbegu.